Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Kuyatunza Maji ya Visiwani

Barua tatu nilizochagua mwezi huu zinahusu maji, na mbili kati yake zinauliza kama mtu anaweza kuyafanya maji kuwa kazi ya maisha. Naanza na iliyonikalisha muda mrefu zaidi.

*Mama mshauri, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 19, nimemaliza Kidato cha Sita huku Pemba kwa mkondo wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Kisima cha kijijini petu, ambacho bibi yangu alikikuta kikinywewa tangu yeye ni mtoto, huu ni mwaka wa tatu kimeingia chumvi. Maji yake tunaoshea vyombo tu. Ya kunywa na kupikia tunakwenda kuyateka kijiji cha pili. Nimekusudia kusomea mambo ya maji na mabadiliko ya tabianchi. Baba ameridhia, lakini ami yangu, ambaye ndiye atakayenisaidia gharama, anasema kazi ya maji ni kuchimba mitaro na kufunga mabomba, ni ya wanaume, na ofisi inayoajiri ni moja tu. Yeye anataka nisomee uuguzi. Je, hii ni kazi ya kumweka mtu? Na nianzie wapi? – Msomaji, Wilaya ya Mkoani.*

Marahaba, binti yangu. Ami yako usimlaumu, kwani anasema alichokiona. Mtu wa rika lake alimjua mfanyakazi wa maji kwa sepeto na spana, na upande wa pili wa kazi hiyo hakuna aliyemwonyesha. Nitauandika hapa kwa urefu ili umsomee, naye aamue akiwa anaujua.

Nianze na kisima chenu, kwa sababu somo lote limo humo. Unguja na Pemba hazina ziwa wala mto mkubwa wa kutegemewa. Karibu maji yote tunayokunywa yanatoka chini ya ardhi, na huko chini yalifikishwa na mvua za Masika na Vuli. Mvua inapozama ardhini hukutana na maji ya bahari ambayo yamepenya ndani ya mwamba kutoka pande zote za kisiwa. Maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo hayazami ndani yake, bali hukaa juu yake kama tabaka, nene katikati ya kisiwa na jembamba kadiri unavyoikaribia pwani. Wataalamu hulipima tabaka hilo kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, ambayo inasema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa ipindue kanuni hiyo uione hatari yake: pampu ikiyashusha maji ya kisima kwa sentimita 10 na kuyaacha hapo, chumvi iliyo chini hupanda, pole pole, hadi kiasi cha mita 4. Ndiyo maana kisima cha pwani huharibika kabla ya kukauka. Ndoo inateremka, inapanda imejaa, na watu hugundua wakati wa kuonja chai.

Chumvi hiyo inaweza kuwa imeletwa na mambo kadhaa, na mara nyingi huja pamoja. Watu tumeongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569, ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773, na kila nyumba mpya inateka maji na kuezeka au kusakafia sehemu ya ardhi iliyokuwa ikinywa mvua. Usawa wa bahari unapanda kwa sababu dunia inapata joto, maji ya bahari yanatanuka na barafu ya nchi za mbali inayeyuka. Mvua nayo ikija kwa kishindo, ikamwagika yote kwa siku mbili kisha jua likakaa wiki tatu, sehemu kubwa hukimbilia baharini kabla ardhi haijainywa. Lakini pia huenda jirani aliye juu yenu amechimba kisima chenye pampu kubwa, na hayo mengine hayahusiki kabisa. Ni nani Pemba nzima anayeweza kukwambia, kwa ushahidi, kisima chenu kimepatwa na lipi? Ni mtu aliyekuwa akikipima kabla hakijaharibika. Binti yangu, mtu huyo ndiye tunayemkosa katika vijiji vingi, na kazi unayoiuliza ndiyo hiyo.

Nakueleza jambo lililonipata mwenyewe. Nikiwa kijana katika kazi hii nilipelekwa pwani ya mashariki ya Unguja kukagua kisima cha mradi mmoja. Waliokichimba walikwenda chini sana wakitaka maji mengi, wakaweka pampu, wakapiga picha, wakaondoka. Maji yalikuwa matamu miezi ya mwanzo. Kabla ya Masika ya pili kufika yalikuwa hayanyweki. Katika makabrasha yao hapakuwa na kipimo hata kimoja cha chumvi kilichochukuliwa wakati pampu ikifanya kazi. Bibi mmoja alinichotea kwa kata, akanipa nionje, akaniambia, "Mwanangu, mmetuchimbia bahari." Alinihesabu pamoja nao, na sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo siamini kisima chochote ambacho daftari lake silioni.

Kipimo chenyewe kinaonekana hivi. Unasimama ukingoni na tepu ya kina iliyozungushwa kwenye gurudumu dogo, ncha yake ni ya chuma. Unaiteremsha taratibu, mkono ukihisi uzito, mpaka ncha inapogusa maji na kifaa kikalia. Unashika tepu kwa kidole pale inapokatana na ukingo, unasoma namba, unaandika pamoja na tarehe na saa. Kisha unateremsha kifaa cha kupima upitishaji wa umeme, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matamu, na namba ikipanda unajua chumvi imeongezeka hata kama ulimi haujaisikia. Ulimi wa watu wengi huanza kuitambua kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi, inapozidi miligramu 250 kwa lita, wakati ambao kisima kimeshaanza kuumwa siku nyingi. Kipimo cha siku moja hakina la kusema. Lakini vipimo vya kila wiki, vya bahari ikiwa imejaa na ikiwa imepwa, vya bamvua (inapojaa na kupwa sana) na vya maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo), kabla ya Masika na baada yake, miaka mitano au sita mfululizo, vinakwambia kisima kinapumua vipi na pampu iendeshwe saa ngapi kwa siku ili chumvi isipande.

Hayo ni ya kisimani. Yapo na ya juu ya ardhi. Nchi ya uwanda, yale maweni ya mashariki na kusini ya Unguja na ya baadhi ya sehemu za Pemba, ina nyufa na mapango, na maji hupita humo haraka mno, yakichukua na uchafu wa makaro ya vyoo. Mtu anayejua miamba ndiye atakayesema choo kikae wapi na kisima kikae wapi. Katika mabonde ya mpunga ya Pemba, mna mahali maji ya bahari yameingia mpaka wakulima wameyaacha mashamba. Huko anatakiwa mtu wa kupima udongo, wa kujenga tuta na mlango wa maji, na wa kukaa na wanakijiji kuamua bonde lipi liokolewe na lipi liachwe mikoko irudi. Shughuli hizi zote ndizo zinazoitwa kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Visiwa vyetu vinachangia moshi kidogo mno katika anga la dunia, hivyo kwa maoni yangu kijana wa hapa anayetaka kuwafaa watu wake auweke uzito katika kuhimili kuliko katika kupunguza moshi.

Kuhusu mwajiri, ami yako amekosea. Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006, ndiyo kubwa zaidi, na kazi yake ni kusambaza maji pamoja na kuvilinda vyanzo vyenyewe. Lakini ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ZEMA, inayokagua athari za miradi, ipo wizara inayoshughulikia kilimo na umwagiliaji, ipo Mamlaka ya Hali ya Hewa, zipo maabara, zipo jumuiya zisizo za serikali zinazoendesha miradi ya mikoko, mabonde na maji ya mvua, na zipo hoteli za pwani, ambazo hutumia maji mengi na zinahitaji watu wa kusafisha maji taka na kuyarudisha bustanini. Hata hivyo sitakuficha upande mchungu. Nafasi za serikali hutangazwa chache na kwa kuchelewa, na za miradi huwa za mkataba wa miaka miwili au mitatu, mradi ukiisha unaanza upya kutafuta. Mwenye kuvumilia ni yule aliye na ujuzi wa mkono unaoweza kuhama kutoka mradi mmoja kwenda mwingine: kupima, kuchora ramani, kuandika ripoti inayoeleweka.

Sasa masomo. Kwa mkondo wako wa CBG, uhandisi utakusumbua, kwa kuwa vyuo vingi huutakia Fizikia na Hisabati ya juu. Lakini maabara ya ubora wa maji, sayansi ya mazingira, afya ya mazingira na jiografia ni milango iliyo karibu nawe. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kinafundisha masomo ya mazingira, nawe utakuwa karibu na nyumbani. Ng'ambo ya bahari, Chuo cha Maji kilichopo Ubungo, Dar es Salaam, kinafundisha maji peke yake, tangu ngazi ya cheti na diploma hadi shahada, ikiwa ni pamoja na haidrolojia (elimu ya mwenendo wa maji), uchimbaji wa visima na maabara ya maji. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ni kizuri kwa anayeelekea kwenye umwagiliaji, na Chuo Kikuu cha Ardhi kwa anayeelekea kwenye maji taka. Baadaye ukitaka shahada ya uzamili, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa hapa Unguja. Kuhusu fedha, ulizeni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar kabla ami hajauza kitu. Ningekuwa mimi, ningeanza na Chuo cha Maji, hata kwa diploma, kwa sababu utatoka hapo ukijua kushika vifaa, na shahada ya mazingira unaweza kuiongeza. Na chuo chochote utakachokwenda, usiikimbie hesabu, wala usiache kujifunza kuchora ramani kwa kompyuta. Programu ya QGIS ni ya bure na kijana mwenye bidii hujifundisha.

Ami amesema kazi hii ni ya wanaume. Nilipoanza, nilikuwa mwanamke peke yangu ndani ya gari la wachimbaji, na mara ya kwanza nilipofika na tepu yangu wanaume wa kijiji walimtazama dereva wakidhani ndiye fundi. Lakini walipokaa kueleza kisima kilianza lini kubadilika, hawakujua. Waliojua ni wanawake: walitaja mwezi, walitaja kwamba maharage yalianza kukataa kuiva, kwamba sabuni haitoi povu, kwamba maji ya alfajiri ni matamu kuliko ya alasiri. Hiyo ilikuwa taarifa ya kitaalamu kamili, nami niliipata kwa sababu niliweza kukaa nao jikoni. Mwambie ami kwamba mteka maji akijifunza kuyapima, kijiji kimepata mtaalamu anayekijua kisima tayari.

Wakati unasubiri matokeo, anza. Nunua daftari. Tafuta kamba isiyovutika, funga jiwe, tia alama kila nusu mita, na kila Ijumaa kabla ya watu kuanza kuteka pima umbali wa maji kutoka ukingoni. Weka kopo lenye pande zilizonyooka mahali pa wazi, na kila asubuhi pima kwa rula mvua iliyoingia, kwa milimita. Waulize wazee visima vilivyokufa vilikuwa wapi na vilikufa lini. Mweleze sheha unachofanya ili asije akadhani vingine. Ukifika kwenye usaili wa chuo au wa kazi na daftari la miezi minane, utakuwa na kitu ambacho wenye vyeti vizuri kuliko vyako hawana.

*Ndugu mshauri, assalaam alaykum. Mimi ni fundi bomba wa miaka 36, Mjini Magharibi, nina cheti cha Mafunzo ya Amali na uzoefu wa miaka 12 wa majumbani. Nasikia kila siku kwamba kuna fursa katika mazingira na tabianchi, lakini kila tangazo linataka shahada. Sisi mafundi tuna nafasi gani? – Fundi, Fuoni.*

Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Nafasi yako ipo kwenye maji yanayopotea. Chukua glasi ya robo lita, iweke chini ya mfereji unaovuja. Ikijaa kwa dakika moja, mfereji huo unamwaga lita 360 kwa siku, yaani madumu 18 ya lita 20, katika mtaa ambao wenzako wanaamka usiku wa manane kusubiri mgao. Sasa fikiria bomba lililozikwa, ambalo hakuna anayeliona. Maji hayo yalishavutwa kutoka kwenye lile tabaka jembamba nililolieleza juu, umeme wake ukalipwa, kisha yakamwagika. Fundi anayeziba tundu hilo anakitunza kisima bila ya kukigusa.

Ongeza ujuzi wa aina tatu juu ya ulio nao. Wa kwanza ni kutafuta mivujo na kusoma mita: kulinganisha maji yaliyoingia mtaani na yaliyofika majumbani, na kwenda na sikio usiku, mtaa ukiwa umetulia. Wa pili ni pampu za umeme wa jua, ambazo vijiji na mashamba yanazihitaji na mafundi wanaoziweza bado ni wachache. Wa tatu ndio ninaoupenda zaidi, nao ni uvunaji wa maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita za mraba 50 likipigwa na mvua ya milimita 40 hukusanya lita 2,000, na hata ukitoa moja ya tano kwa kumwagika, zinabaki 1,600. Tatizo kwenye nyumba nyingi nilizoziona ni mlizamu unaopokea maji ya bati: umefungwa bila mwinamo, maji yanasimama, majani yanaoza, mbu wanazaa. Funga mlizamu wenye mwinamo, weka bomba la pembeni la kumwaga maji ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege, funika tangi kwa wavu. Fanya nyumba tano kwa ustadi, piga picha, andika lita zilizopatikana, kisha peleka kazi hiyo kwa jumuiya na miradi badala ya kungoja tangazo. Na kama bado unataka karatasi, ngazi ya cheti na diploma ya Chuo cha Maji si ndefu kwa mtu wa miaka 36.

*Mshauri, mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari, Kaskazini Pemba. Wanafunzi wangu wa klabu ya mazingira wanataka kupanda mikoko ili chumvi itoke kwenye visima vya kijiji. Je, itatoka? – Mwalimu.*

Mwalimu, hongera kwa klabu hiyo, lakini wanafunzi waambiwe ukweli mapema. Mikoko huvunja nguvu ya mawimbi, hushika tope, hulinda ufukwe na tuta la bonde, na humpa samaki mchanga mahali pa kukulia. Lakini mikoko haitoi chumvi kisimani. Wakiipanda kwa tumaini hilo, watavunjika moyo baada ya miaka miwili na mikoko yenyewe itaonekana haina faida. Wapande kwa faida zake za kweli, na wachague mahali panapofaa: mkoko, mchu na mkandaa kila mmoja una kina chake cha maji, na miche mingi hufa kwa kuchomekwa pasipo pake.

Kwa ajili ya kisima, wapeleke klabu upande wa juu wa kijiji. Huko wachimbe makingamaji yanayozuia mvua isikimbie, walinde vichaka vilivyobaki, na wakae na kamati ya maji ya shehia kuzungumzia saa za pampu. Kisha wagawane zamu, wawili wawili, ya kupima kina cha kisima kila wiki na kuandika. Masika yakimalizika nitumie nakala ya daftari lao kwa anwani ya jarida, nami nitazichora namba hizo na kuzichapisha katika safu hii.